Shajara ya Mradi: Lushoto hadi Mtae kwa Miguu, Vijana 23 na Sufuria Nne

Jumamosi, 20 Aprili 2024

Baraza la wazee wa usharika limepitisha safari ya vijana. Masharti mawili: kila mzazi asaini fomu ya ridhaa, na mtu mmoja aandike shajara tangu leo hadi hesabu za mwisho. Mtu huyo ni mimi, katibu msaidizi wa vijana. Sharti la pili lina historia yake. Mwaka juzi vijana walikwenda Pangani siku tatu, wakarudi wamefurahi sana na wana deni la laki na ishirini ambalo hadi leo hakuna anayeweza kulieleza. Kwa hiyo haya ninayoandika ni kumbukumbu, na pia ni kinga yangu.

Mpango: Jumapili 16 Juni tunatoka Tanga kwa coasta hadi Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Jumatatu mazoezi, Jumanne tunaanza kutembea. Tunapita msitu wa Magamba, tunalala Lukozi, tunashuka Mlalo, tunapumzika siku moja, kisha tunamalizia Mtae. Jumamosi tunarudi kwa basi. Vijana 23, umri miaka 14 hadi 19, wasichana 11. Viongozi watano: Mwenyekiti wa vijana, Mama Mlezi, mwinjilisti, dada mmoja muuguzi, na mimi.

Mzee mmoja aliuliza kwa nini tusifanye semina ukumbini kama sharika nyingine. Mama Mlezi akamjibu, "Baba, hawa wamezaliwa mkoa wa Tanga na Lushoto wanaiona kwenye picha za simu." Mzee akacheka, akaunga mkono.

Jumamosi, 11 Mei

Hakuna kilichosonga wiki mbili. Masika ya mwaka huu yamekuja na El Niño, na Jumamosi iliyopita kimbunga Hidaya kikaingia pwani. Mazoezi ya kutembea tuliyopanga yameahirishwa mara mbili. Wazazi wawili wamewatoa watoto wao, wakasema milima na mvua hii hapana. Nimewaelewa. Nafasi zimejazwa siku hiyo hiyo na vijana waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri, nikagundua kwamba kumbe tuna orodha ya kusubiri.

Harambee ya Jumapili: 815,000. Usharika umeahidi laki nne.

Jumamosi, 25 Mei (naandika nikiwa Lushoto)

Mimi na Mwenyekiti tumekuja kuikagua njia kwa nauli yetu wenyewe. Naomba jambo hili lisomwe vizuri na yeyote atakayeongoza safari kama hii baadaye: usiwapeleke watoto wa watu kwenye njia ambayo miguu yako haijaikanyaga.

Mwongozaji tuliyempata ni Msambaa wa hapa hapa, mtu wa makamo, Mwislamu, mpole, na anatembea kama anayeshuka ngazi hata akiwa anapanda. Jana tulitoka Lushoto saa moja asubuhi, tukafika Lukozi saa saba kasoro. Sisi watu wazima watatu bila mizigo tulitumia karibu saa sita. Nikaandika saa nane kwa kundi. (Nimerudi hapa baadaye kuongeza: tulitumia tisa na nusu.)

Tulichokiona. Ndani ya msitu kuna sehemu ambapo udongo umeporomoka na kuchukua njia. Mwongozaji anajua mchepuko wa kupanda juu, unaongeza kama nusu saa. Maji yapo kila mahali, lakini hapo ndipo alipotuonya. Maji ya ndani ya msitu ni salama ukiyatibu. Yakishapita kwenye mashamba ya kabichi na viazi, yaache. Wakulima wanapiga dawa za wadudu, na dawa hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kwa kidonge cha WaterGuard. Kwa hiyo kuanzia tunapotoka msituni hadi Lukozi hakuna kujaza chupa mtoni, tunajaza bombani kijijini. Nilikuwa na vidonge mia kwenye bajeti na nilijiona nimemaliza suala la maji.

Jambo jingine zuri la njia hii ni kwamba barabara ya magari haiko mbali nayo sana. Tumepanga kila siku sehemu mbili ambapo bodaboda inaweza kufika, na nimechukua namba za vijana wa boda wa Lukozi na Mlalo. Tumepita pia ofisi za watendaji wa vijiji tutakapolala na kuacha barua ya utambulisho ya usharika, yenye muhuri. Muhuri una heshima yake.

Tarehe imeleta jambo. Idd el-Hajj inaweza kuangukia 16 au 17 Juni. Mwongozaji amesema waziwazi kwamba siku ya Idd hatembei. Tukamwambia hata sisi Krismasi hatutembei. Jumatatu basi ni ya mazoezi karibu na mji, na ada ya msitu tutailipa mapema kwa namba ya malipo ili tusitegemee ofisi kuwa wazi siku ya sikukuu.

Jumamosi, 8 Juni

Ukaguzi wa vifaa, uwanja wa kanisa. Nilitamani ningekuwa na picha.

Kila mmoja aliambiwa alete: sweta au koti zito, mzula, blanketi, koti la mvua, chupa mbili za maji, tochi, viatu vilivyozoeleka. Watoto wa pwani hawaamini baridi. Mmoja alileta shuka moja jepesi na khanga ya mama yake. Nikamwambia Lushoto mwezi wa sita usiku unaweza kushuka hadi nyuzi kumi hivi. Akaniuliza nyuzi kumi ni kama friji? Nikamwambia ni karibu na friji. Baada ya hapo Mwenyekiti alikwenda na kundi zima soko la Mgandini kutafuta masweta ya mitumba, wakarudi wamevaa makoti ambayo wenyewe wa kwanza bila shaka walikuwa wanasukuma theluji nayo.

Viatu. Kijana mmoja wa kidato cha tatu amenunuliwa na mjomba wake buti mpya kabisa, za ngozi ngumu, zinang'aa. Nikamwambia avivae kila siku hadi safari. Akasema sawa, dada. Nilijua hatavivaa, anaogopa vitachafuka. Wengine watano wameleta yeboyebo, nikakataa. Hapo nilikosea, tutafika.

Mahema sita ya kuazima. Tumeyasimamisha yote, na tukakuta moja halina fito mbili na jingine zipu imekufa. Tumebaki na manne: mawili ya wasichana na Mama Mlezi na muuguzi na mimi, mawili ya wavulana na Mwenyekiti na mwinjilisti. Ni ya kubanana, na kuna kumbi za sharika njiani tukizidiwa. Kanuni ya watu wazima wawili kila mahali imeandikwa na imesainiwa na sisi wote watano: hakuna kiongozi anayebaki peke yake na kijana mmoja, iwe hemani, iwe njiani, iwe hospitali.

Akina mama wa usharika wametuazima sufuria. Nimesaini karatasi: *sufuria nne, vifuniko vinne, miko miwili, karai moja.* Mama aliyenikabidhi alinitazama machoni akarudia, "Vifuniko vinne, mwanangu."

Jumapili, 16 Juni

Tumetoka baada ya ibada ya kwanza. Muheza, Segera, Korogwe, Mombo. Hadi Mombo ni mapambio mwanzo mwisho. Kutoka Mombo barabara inaanza kupanda kilomita 32 za kona, na mapambio yakafa moja moja kama taa za mtaa. Watapikaji: saba. Mifuko ya plastiki ilikuwa chini ya buti la gari, pamoja na akili yangu. Tulisimama Soni watu wakapata hewa na kuchimba dawa, maporomoko yakiunguruma pembeni, na nadhani nusu ya vijana hawakuyatazama kabisa.

Tumelala ukumbi wa usharika mjini. Kuhesabu watu usiku: 28. Namba hiyo nitaiandika kila siku.

Jumatatu, 17 Juni – Idd

Mazoezi: Irente na kurudi, kila mtu na mzigo wake wote mgongoni. Lengo lilikuwa kuona nani amebeba nini. Tulikuta begi moja lina pasi ya umeme. Mwenyewe alisema ni ya kunyooshea nguo za Jumapili. Jumapili ipi, nikamuuliza, na umeme upi.

Pale kwenye jabali la Irente kanuni ni moja: hatua tatu kutoka ukingoni, unakaa chini. Chini kule kuna tambarare ya Mazinde na mistari ya mashamba ya mkonge, na magari ya barabara kuu yanaonekana kama sisimizi. Vijana walinyamaza kama dakika nzima. Kisha simu zote zikatoka.

Mwinjilisti akasoma Zaburi 121, "Nitayainua macho yangu niitazame milima." Vizuri sana.

Jioni familia ya jirani na ukumbi ilituletea sinia la pilau la Idd. Tuliwatuma wasichana wanne kwenda kurudisha sinia na kushukuru, wakakaa saa nzima, wakarudi na sinia jingine.

28.

Jumanne, 18 Juni – Lushoto hadi Lukozi

Siku ndefu, nitaiandika kwa urefu wake.

Tulitoka saa moja na robo. Mwongozaji mbele, Mwenyekiti nyuma yake, Mama Mlezi na mwinjilisti katikati, muuguzi anazunguka, na mimi mkia. Kazi ya mkia ni kuhakikisha hakuna mtu nyuma yangu. Nina filimbi: mara moja simama, mara tatu kuna shida.

Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, zaidi ya hekta 9,000, na kilele chake kinavuka mita 2,200. Ukiingia, joto linakatika kama umefungua mlango. Miti ya mikulo ina vigogo ambavyo watu watatu hawavikumbatii. Mbega walituona kabla hatujawaona: weusi, mikia mirefu yenye ncha nyeupe inaning'inia kama taulo kwenye kamba. Na kinyonga. Mwongozaji alimwona kwenye tawi mahali ambapo mimi, baada ya kuonyeshwa, bado nilihitaji dakika kumwona. Dume, ana pembe mbili puani. Vijana wa Tanga na kinyonga mnajua wenyewe, watu waliruka hatua tano nyuma, na kijana mmoja mkubwa wa kidato cha tano alisimama nyuma yangu. Mwongozaji akaeleza kwamba hao wa pembe mbili ni wa milima hii, na kwamba wanasayansi wameiita jenasi yao Kinyonga, Kiswahili kabisa, dunia nzima wanaandika hivyo. Hilo liliwagusa kuliko pembe.

Sasa shida. Tangu saa nne mkia wangu ulikuwa na watu watatu wale wale: msichana mmoja wa miaka 14, mdogo kuliko wote na mkimya kuliko wote, rafiki yake, na yule kijana wa buti mpya. Kila tulipopumzika ilikuwa hivi: kundi la mbele linafika, linakaa, linakunywa maji, linacheka. Dakika kumi na tano baadaye sisi tunafika. Mwenyekiti anatuona, anafurahi, anasema, "Haya, tumekamilika, twende." Walio mbele wamepumzika dakika kumi na tano. Sisi tumepumzika sifuri. Ilipotokea mara ya tatu yule msichana hakusema neno, machozi tu yakaanza kushuka huku anatembea. Na mimi, badala ya kupuliza filimbi, nilimwambia ajikaze. Naandika hilo kwa sababu shajara hii si ya kunisifu.

Kwenye mchepuko wa maporomoko kijana wa buti akakaa chini. Muuguzi akamvua. Visigino vyote viwili malengelenge, moja limeshapasuka. Akasafishwa, akafungwa, akaendelea hadi tulipofika mahali pa kwanza pa boda. Boda mbili zikaitwa, yeye na muuguzi wakatangulia Lukozi.

Nikahesabu watu tulipotoka msituni. Wawili wamekwenda na boda, kwa hiyo wabaki 26. Nikapata 27. Nikahesabu tena. 27. Mwenyekiti akahesabu, akapata 27, akaniangalia kama mimi ndiye niliyezidisha. Ni Mama Mlezi aliyeuliza, "Huyu mtoto na kuni ni wa kwetu?" Katikati ya mstari alikuwa mvulana wa miaka kumi hivi, mzigo wa kuni kichwani, yeboyebo miguuni, ametulia kabisa. Alikuwa anakwenda kwao Lukozi, akaona watu wanakwenda huko huko wanaimba, akajiunga. Alikuwa anatembea nasi kwa zaidi ya saa moja na hakuna aliyemwona ni mgeni. Kuni zake hazikuwa zimesogea hata kijiti. Hakuwa na lengelenge hata moja.

Tulifika saa kumi na moja kasoro robo. Mwongozaji alikuwa ametumiwa nyama ya Idd na ndugu zake wa Lukozi, ikaingia kwenye sufuria ya maharage yetu. Usiku, moto ukiwaka, akatusimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyekuja kutoka Ungulu, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya Wasambaa, akaua simba, na watu wakamfanya mfalme wao kule Vuga. Ndiyo asili ya Wakilindi, ukoo wa wafalme wa Wasambaa, na cheo chao cha Simba Mwene. Anasimulia taratibu, na kila anapofika pazuri anaongeza kuni.

Mwinjilisti akafunga kwa Zaburi 121.

28, bila mtoto wa kuni.

Jumatano, 19 Juni – Lukozi hadi Mlalo

Kikao cha viongozi saa kumi na moja alfajiri, wote tumejifunga mablanketi. Nilisema yaliyotokea mkiani jana. Mwenyekiti alinyamaza, kisha akasema, "Sikuwa najua, maana nyuma sioni." Ni kweli, mbele huwezi kuona nyuma. Ndiyo sababu ya filimbi niliyoshindwa kuipuliza.

Mwongozaji akatupa dawa kwa sentensi moja: anayechelewa anatembea nyuma yangu mimi. Basi leo yule msichana alikuwa wa pili kwenye mstari, anashika mwendo, na wote tunafuata mwendo wake. Wavulana wenye mbio wakawekwa nyuma, mmoja na mfuko wa unga, wengine na sufuria. Na mapumziko yanaanza kuhesabiwa mtu wa mwisho akishakaa.

Tulitembea polepole na tukafika mapema. Sina maelezo mengi ya jambo hilo zaidi ya kwamba hatukusimama ovyo. Tulitumia saa nne na nusu, tulikadiria tano.

Asubuhi Lukozi soko lilikuwa limechangamka, malori yanapakia kabichi, karoti na viazi vya kwenda Dar es Salaam. Tulinunua kabichi tano kwa bei ambayo Mama Mlezi hataki niiandike, asije akalia akirudi sokoni Tanga. Njia ya Mlalo ni mteremko mrefu, magoti yanalalamika kuliko mapafu. Tuliwafundisha kushuka kwa zigizaga na hatua fupi.

Mlalo umekaa ndani ya bakuli la milima, na kuna nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao zilizochongwa. Vijana walishangaa zaidi ya walivyoshangaa msituni. Hapa ndipo wamisionari wa Kijerumani wa shirika la Bethel, Johanssen na Wohlrab, walipoanza kazi mwaka 1891. Kituo walikiita Hohenfriedeberg, jina ambalo lilitushinda wote ishirini na wanane. Johanssen huyo huyo mwaka 1907 akaenda kuanza kazi Rwanda. Mwinjilisti aliwaeleza hayo wakiwa wamekaa nje ya kanisa, na nilipenda kwamba hakuishia kwa Wajerumani. Alisema mzungu mmoja hawezi kuhubiri milima yote hii kwa miguu yake miwili, na kwamba kila lilipofika Neno kuna Msambaa aliyelibeba kwa lugha yake. Akasema, mmetembea siku mbili, sasa mnajua kazi ile ilikuwa nini.

Mchana mmoja wa wasichana alianza siku zake, mara ya kwanza maishani mwake. Mama Mlezi alikuwa na taulo za kike, maji ya moto na maneno. Nilikuwa nimeweka pakiti mbili kwenye bajeti na mjumbe mmoja wa kamati alitaka kuzikata.

28.

Alhamisi, 20 Juni – mapumziko Mlalo

Kufua, kutibu miguu, mechi na vijana wa usharika wa hapa. Tulifungwa 4–1, hewa ya mlima tumeilaumu sana. Yule wa buti hachezi, amevaa yeboyebo na soksi na ana amani. Nimewaruhusu na wale wengine watano niliowakataza.

Usiku. Saa moja na nusu nahesabu kabla ya chakula: 26. Nikahesabu tena. Wavulana wawili hawapo. Hapa si msituni, lakini moyo haujui tofauti. Mwenyekiti na mimi tukatoka na tochi. Hatukwenda mbali: kelele zilitoka kwenye kibanda umiza karibu na stendi, Uingereza na Denmark, Kombe la Ulaya. Wetu wawili walikuwa mstari wa mbele kabisa, wamekaa juu ya sufuria ya akina mama iliyopinduliwa. Walikuwa wametumwa kuiosha bombani.

Niliwaita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Wakatoka vichwa chini. Kisha nikageuka kumtafuta Mwenyekiti, naye alikuwa bado mlangoni. "Dakika mbili tu, dada, ni moja moja." Ikaisha moja moja.

Adhabu: kuosha vyombo vyote hadi Tanga. Na kuomba msamaha mbele ya wote, si kwa sababu ya mpira, bali kwa sababu tulikuwa 26 na mimi sikujua wawili wako wapi. Mwenyekiti naye alisimama akaomba msamaha wake wa dakika mbili. Watu walicheka, lakini nadhani ilisaidia.

Ibada ya jioni aliongoza Mama Mlezi. Zaburi 121 tumeshaisikia mara tatu, yeye akachagua Elia chini ya mretemu, amechoka hadi anaomba afe. Akasema tazameni, malaika hakuja na mahubiri. Alikuja na mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Wakati anasema alikuwa hamtazami yule msichana wa miaka 14, na wote tulijua maneno yale ni ya nani.

28.

Ijumaa, 21 Juni – Mlalo hadi Mtae

Kilomita zipatazo 20. Tulitoka saa kumi na mbili, ukungu umejaa kiasi kwamba kutoka mkiani naona migongo minne tu, wengine ni sauti. Leo walipangwa wawili wawili, kila mmoja anajua jina la mwenzake na akipotea anapiga kelele. Msichana wetu nyuma ya mwongozaji tena. Saa tatu nikasikia sauti yake, mara ya kwanza tangu Tanga, anaanzisha wimbo. Si sauti nzuri hasa. Mstari mzima ulimpokea.

Njia inapita mashamba ya matuta, vijiji, watoto wanaotoka mbio kusalimia, wazee wa kusimamishwa na kupewa shikamoo. Shikamoo 28 kwa mzee mmoja zinachukua muda. Chakula cha mchana viazi vya kuchemsha na chumvi, chai ya mchaichai. Hakuna aliyelalamika, jambo lililonitia wasiwasi kidogo.

Tulifika saa tisa. Mtae umejengwa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, pande mbili shimo. Tulikuwa tumewaahidi tambarare ya Mkomazi na, Mungu akipenda, Kilimanjaro. Tulipata ukuta mweupe. Mmoja akauliza kama tumetembea siku zote hizi kuja kuangalia wingu. Swali halali.

Upepo ulikuwa wa kung'oa vigingi, tukaacha mahema, usharika wa hapa wakatufungulia ukumbi. Kwenye saa kumi na mbili mtu akapiga kelele nje. Wingu lilikuwa limepasuka chini yetu, si juu, na katikati ya tundu tambarare yote ikawaka rangi ya machungwa, na kule mbali kabisa milima ya Pare imepangana. Dakika kumi, labda kumi na mbili. Kilimanjaro hatukuiona. Mwinjilisti alifungua Biblia na kabla hajatamka neno vijana wote kwa pamoja: "Nitayainua macho yangu!" Akaifunga, akacheka hadi akakaa chini.

28.

Jumamosi, 22 Juni

Basi linaondoka saa kumi alfajiri. Kuwaamsha vijana 23 saa tisa usiku kwenye baridi ya Mtae ni kazi ambayo haipo kwenye fomu yoyote. Tulimuaga mwongozaji gizani. Vijana walikuwa wamechangishana wenyewe, bila kutuambia, wakampa mzula na bahasha. Alishika mzula muda mrefu zaidi kuliko bahasha.

Mombo joto likatupokea kama ndugu. Tanga saa nane mchana. Wazazi nje ya kanisa. Nilihesabu mara ya mwisho wakishuka mlangoni: 28.

Kisha nikahesabu vyombo. Sufuria nne. Miko miwili. Karai. Vifuniko vitatu.

Jumamosi, 29 Juni – hesabu

Mapato: vijana 960,000 (watatu walilipa walichoweza, nakumbusha tulikubaliana hivyo Aprili), harambee 815,000, usharika 400,000. Jumla 2,175,000.

Matumizi: coasta 450,000, mabasi ya kurudi 504,000, chakula 590,000, msitu na mwongozaji 290,000, dawa na vifaa vya huduma ya kwanza 68,000, kuni na shukrani kwa sharika zilizotupokea 135,000, boda 10,000. Jumla 2,047,000. Baki 128,000, ipo kwa mweka hazina, risiti zimeambatishwa isipokuwa za kuni, maana muuza kuni haandiki risiti.

Kwa atakayefuata: mapumziko yaanze mtu wa mwisho akikaa. Mifuko ya kutapikia iwe mkononi, si chini ya buti. Filimbi ipulizwe.

Wavulana wawili wa kibanda umiza wamehojiwa kila mmoja peke yake kuhusu kifuniko, Mama Mlezi akiwa shahidi, na wote wawili wanasema sufuria ilikwenda bombani bila kifuniko. Mwenyekiti anadhani kilibaki Lukozi. Nimempigia kijana wa boda wa Mlalo, amesema atauliza pale kibandani. Akina mama wanakutana kesho baada ya ibada.